Inhela ya bluu, inhela ya elfu 38 na chupa ya maji: maoni ya fundi mwenye pumu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asome aondoke. Inhela (kile kidude cha kuvutia dawa ya pumu mdomoni) ya bluu nyota 2 na nusu. Ile ya elfu 38, ya mchanganyiko wa dawa mbili, nyota 4, ingebeba zote 5 ila bei. Chupa ya maji ya nusu lita nyota 5, sibanduki hapo. Huduma za famasi ntazifikia, maana hizo nyota zake hazieleweki. Wenye muda kaeni, stori ndefu kidogo.

Mi ni fundi fanicha, niko Keko, Dar, nina miaka 34 na pumu naijua toka darasa la nne. Najua kuna mtu ataniuliza we fundi mbao mwenye pumu unajitakia nini, jibu ni kwamba mzee alikuwa fundi, mashine alizoniachia ni za mbao, ningefanya kazi benki kama benki wangeniita. Vumbi la mninga nakaa nalo siku nzima, mkongo hivohivo, ila mvule aisee, mvule ukipigwa msasa mi nusu saa nyingi kifua kishaanza kupiga filimbi. Nilikuwa nadhani ni mkosi wangu tu, kumbe vumbi la mvule linajulikana kabisa kwamba linaleta pumu kwa mafundi, ni mambo yameandikwa na madaktari zamani, sisi huku ndo hatujaambiwa, tunaambiana tu "mvule una sumu, jifunge kitambaa".

Haya, bluu. Kwa asiyeijua hii ni salbutamoli, ile inhela kila mwenye pumu anayo mfukoni, mimi nimeitumia miaka 14 mfululizo. Sifa zake ni za kweli na sitamnyima mtu haki yake: unavuta, dakika 5 hivi kifua kinafunguka, unakuwa mtu tena. Bei nafuu, mi nanunua elfu 7, kuna siku elfu 6 na nusu, na inapatikana hata saa nne usiku kwenye famasi ndogo ya pembeni ya barabara, humuulizi mtu, huulizwi na mtu. Mikono inatetemeka kidogo na moyo unaenda mbio, ukishika patasi muda huo unaweza kuharibu kazi ya watu, ila unazoea.

Sasa kasoro. Kwanza nyingi za bei ndogo hazina kaunta, hujui zimebaki ngapi. Kopo lina mivuto 200, lakini nani anahesabu? Sisi kijiweni tulikuwa tunaitikisa sikioni, ikisikika kitu kinacheza ndani tunasema bado ipo, au tunalitoa kopo tunalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, likielea limeisha likizama bado. Yote mawili uongo jamani. Ile inayocheza ndani inaweza kuwa ni gesi ya kusukumia tu, dawa iliisha wiki iliyopita na we unajipulizia hewa ya baridi unasema leo mbona haishiki. Hili nililijua siku mbaya kabisa, nakuja.

Kasoro ya pili sio ya inhela, ni ya tunavyouziwa. Miaka 14 hakuna mtu aliyenionyesha namna ya kuvuta. Nilikuwa naipulizia kwenye ulimi kama mtu anayepuliza dawa ya mbu, dawa inaishia kooni, naimeza, nasema "mbona siku hizi zimechakachuliwa". Inatakiwa utikise, utoe pumzi yote kwanza, ubane midomo kwenye mdomo wa inhela, uanze kuvuta taratibu ndo ubonyeze, uendelee kuvuta mpaka mwisho, alafu ubane pumzi kama sekunde 10. Kitu cha dakika 2 kumfundisha mtu. Miaka 14.

Siku mbaya yenyewe ilikuwa mwezi wa sita, nina oda ya meza ya mvule ya watu nane, mteja anaitaka Ijumaa, nimepiga msasa toka asubuhi na barakoa imelowa jasho nimeivua. Saa tatu usiku kifua kikabana. Navuta bluu, natikisa, inacheza, navuta tena, hola. Jirani akakimbilia famasi, usiku huo kukawa kumefungwa. Nikapandishwa bajaji naenda hospitali moja hapa Temeke, jina silitaji, njia nzima nimeinama mbele nimeshika bomba la kiti, siwezi kusema neno zima, nasema "en... da... en... da" na dereva anadhani namwambia pole pole. Nikawekewa nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke unavuta, mara tatu, oksijeni, sindano ya mshipa. Asubuhi bili elfu 65 na ndo ilikuwa mara ya pili mwaka huohuo.

Sasa yule dokta kijana, nadhani alikuwa bado mafunzoni, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa: "Kaka, kwa mwaka unamaliza inhela ngapi za bluu?" Nikamwambia moja kwa mwezi, tena kwa kujivuna, kama vile natumia dawa vizuri. Akaweka kalamu chini. Akaniambia kaka, mtu anayemaliza 3 au zaidi kwa mwaka tunaanza kumwangalia kwa jicho la hatari ya kubanwa vibaya, anayefika 12 huyo tunamhofia kifo. Mi nilicheka, nikijua ananitisha niache mbao. Hakuwa anacheka.

Akanieleza hivi, na nimeelewa kwa sababu alitumia lugha ya kazi yangu: bluu inalegeza tu ile misuli inayobana njia za hewa, saa 4 mpaka 6 imeondoka. Lakini ndani kule njia zimevimba, zina makamasi, na bluu haigusi uvimbe. Akasema ni sawa na fundi mwenye mbao inayoliwa na mchwa kila wiki anapaka vanishi, kwa nje inang'aa. Cha kuua mchwa ni dawa nyingine, ya jamii ya steroidi, inavutwa kila siku hata siku ambayo hujabanwa. Na akasema hii sio habari yake ya mtaani, GINA ile kamati ya dunia inayotoa miongozo ya pumu toka 2019 ilishasema mtu mzima asitibiwe kwa bluu peke yake. 2019! Miaka yote baada ya hapo nimeuziwa bluu peke yake, na vidonge juu, vile vyeupe vya salbutamoli na aminofilini, unameza unatetemeka mwili mzima kama umeshika nyaya za umeme.

Akaniandikia ile ya mchanganyiko, budesonidi na formoteroli kwenye inhela moja. Uzuri wake ni kwamba hiyo formoteroli inafungua kifua haraka kama bluu ila inakaa saa 12, na budesonidi ndo inaua mchwa. Kwa hiyo unavuta 1 asubuhi 1 jioni, na siku ikibana unavuta hiyohiyo, huhitaji kubeba mbili.

Hapa ndo review ya famasi inaingia. Famasi ya kwanza mtaani: haipo, "chukua bluu kaka ni ileile tu". Ya pili: haipo. Ya tatu dada alisoma karatasi akaniuliza kama ni ya macho. Ya nne walikuwa nayo ya brauni, beklometasoni, ambayo nayo ni nzuri tu na ni nafuu, elfu 14, ila lazima ubebe na ya kufungulia pembeni, na yenyewe ilikuwa imebaki moja na miezi 2 kuisha muda. Nilipanda daladala mpaka mjini karibu na hospitali kubwa ndo nikaipata, elfu 38. Mfamasia pale nampa nyota 5 zote, mama wa makamo, alitoka nyuma ya kaunta akaniambia "mwanangu vuta nione", nikavuta vile vyangu vya dawa ya mbu, akashika kichwa, akanifundisha mpaka nikaweza, watu wamepanga foleni nyuma yangu wanaguna na yeye hana habari nao.

Matumizi miezi 5 sasa. Wiki ya kwanza sikuona kitu na nikajuta hela yangu, nasema kweli. Wiki ya tatu mke wangu ndo aliyegundua, akaniuliza "mbona siku hizi hukohoi usiku?" Sikuwa najua kama nakohoa usiku, mi nilijua kila mtu anaamka saa tisa. Napanda na mbao begani ghorofa ya kwanza kwa wateja bila kusimama kwenye ngazi kujifanya naangalia simu (wenzangu wa pumu hiyo mbinu mnaijua). Kubanwa, mara 3 tu, zote ndogo, na moja ni kosa langu nilipuliza vanishi ndani bila kufungua mlango. Kasoro: sauti ilikwaruza, alafu ulimi ukaota utando mweupe, nikaogopa nikawaza mengine kabisa, kumbe ni fangasi kwa sababu sikuwa nasukutua. Ukishavuta sukutua maji uteme, basi, yakaisha. Ina kaunta mgongoni, mivuto 120, inashuka moja moja, kwa hilo tu ningewapa nyota.

Sasa bei, tupige hesabu kama watu wazima. Bluu 12 kwa elfu 7 ni elfu 84 kwa mwaka. Usiku mbili za hospitali kwa elfu 65 ni laki na elfu 30. Jumla laki 2 na elfu 14. Hii mpya inanipeleka miezi 2 moja, kwa hiyo 6 kwa mwaka, laki 2 na elfu 28. Tofauti elfu 14, na sijahesabu siku ambazo sikushika randa wala mteja aliyechukua advansi yake. Kwa hesabu ya mwaka ni kitu kilekile. Ila mimi siishi kwa mwaka, naishi kwa siku, na elfu 7 naweza kuipata leo jioni nikiuza stuli, elfu 38 lazima nichague kati yake na ada ya mtoto. Bima sina, mafundi wengi tuliopo hapa hatuna. Mwezi wa nane niliruka wiki 2 bila dawa kwa sababu mteja alinizungusha na hela yake, na mwili ulijibu, saa tisa za usiku zikarudi.

Nina dada yangu yuko Cardiff kule Wales, anafanya usafi hospitali, naye ana pumu, ni ya ukoo hii. Nikamuuliza inhela yako unanunua shingapi akaniuliza "kununua?" Kule Wales dawa ukiandikiwa na daktari ni bure toka 2007, bluu anayo, ya mchanganyiko anayo, na kila mwaka anaitwa na nesi wa pumu anampima anamwangalia anavyovuta. Nesi wa pumu peke yake! Mtu na dadaye, kifua ni kimoja, tumbo moja, tofauti ni nani anaishi wapi. Na sio kwamba kila Mzungu anakula raha, Marekani watu walikuwa wanalia na bei za inhela mpaka 2024 makampuni makubwa kadhaa yalipotangaza mgonjwa asilipe zaidi ya dola 35 kwa mwezi mfukoni kwake. Dola 35 ni zaidi ya mara mbili ya niliyolipa mimi, ila linganisha na mshahara wa kule ndo utaelewa nani ameumia.

WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema 2019 waliokuwa na pumu duniani ni kama milioni 262, na waliokufa kwa pumu mwaka huo 455,000. Wengi wa hao waliokufa ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Na sio kwamba pumu yetu ni kali kuliko ya Cardiff. Ni kwamba tunakufa na bluu mkononi, tena imeisha, tunaitikisa inacheza. Siku ya Pumu Duniani ya 2025 kaulimbiu yake ilikuwa dawa za kuvuta zimfikie kila mtu, nikasema sawa, waanzie famasi ya tatu pale kwetu.

Tuje kwenye chupa, bidhaa bora kuliko zote hapa na haiuzwi popote.

Mama yangu yuko Lushoto, miaka 66, hajawahi kushika sigara maisha yake yote, lakini kifua chake kimeisha. Amepika na kuni toka anaota meno ya pili, jiko la mafiga matatu, kibanda hakina dirisha, kule baridi kwa hiyo mlango nao unafungwa, na mwezi wa saba kuni ni mbichi, moshi unautoboa na kisu. Amepimwa makohozi ya TB mara nne, mara zote hana, na mara moja alianzishiwa dawa hivohivo. Mwaka juzi ndo tukampeleka akapuliza kile kipimo cha mapafu, wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 unatokana na sigara, lakini kwa nchi za kwetu sigara ni asilimia 30 mpaka 40 tu, moshi wa jikoni ndo chanzo kingine kikubwa, na mavumbi ya kazini yamo. Alivyoambiwa akamwambia dokta "mwanangu, sasa ningepika na nini?" Serikali imeweka mkakati kwamba 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, na mtungi mdogo wa gesi tumempelekea, anachemshia chai. Makande anapika na kuni, anasema gesi inamalizwa na maharage, na hapo simbishii maana hela ya kujaza natuma mimi na najua inavyoniuma.

Sasa alipewa inhela na hawezi kabisa, vidole vina baridi yabisi, anabonyeza akiwa ameshavuta, dawa inatoka puani. Spesa, ile chupa maalum unayochomeka inhela dawa itulie humo ndo uvute, niliambiwa elfu 45 na haikuwepo. Ndo yule mama mfamasia akaniambia katafute chupa ya maji. Nikadhani ananitania. Kumbe kuna daktari wa watoto Cape Town, Heather Zar, yeye na wenzake mwaka 1999 walichapisha utafiti wakilinganisha spesa ya dukani na chupa ya plastiki ya nusu lita kwa watoto waliobanwa na pumu, na chupa ikafanya kazi sawasawa na ya dukani. Kikombe cha polistirini, ile plastiki nyepesi, ndo kilishindwa. Yaani Afrika tulishapata jibu 1999 kwa chupa tunazotupa mtaroni, na 2 kati ya famasi 5 nilizopita hawajawahi kulisikia.

Kutengeneza, na hapa ufundi wangu umelipa: chukua chupa ya nusu lita safi, chora kwenye kitako umbo la mdomo wa inhela, sio mduara, ni yai yai hivi. Usikate na kisu, itapasuka na itavuja. Pinda waya kwa umbo hilohilo, upashe moto mpaka uwe mwekundu, ugandamize kwenye kitako, unatoboa safi kama keki. Chomeka inhela, ikibana vizuri sawa, ikicheza zungushia gundi isipitishe hewa. Ioshe na sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa maana plastiki ikisuguliwa inavuta dawa kwenye kuta. Unatikisa inhela, unabonyeza mara moja, unavutia kwenye mdomo wa chupa taratibu, mtoto avute na kutoa mara 5 au 6, bonyeza tena kama bado dozi. Wale wadogo sana wasioweza kubana midomo wanahitaji ile ya barakoa, hapo chupa inagoma, msilazimishe.

Mama aliitazama akasema nimesomeshwa niwe fundi nimletee chupa ya uchafu. Akavuta. Akakaa kimya. Akasema "nimeisikia imefika." Sasa hivi ameificha kabatini na vikombe vya wageni.

Nimeshatengeneza 11 hapa Keko, bure, njoo na chupa yako, ila njoo na inhela pia nipimie tundu. Mafundi watatu tuliokuwa tunaazimana bluu moja (msinihukumu) kila mtu ana yake sasa, na mmoja kaanza ya brauni. Yule dada wa famasi ya mtaani, wa "ni ileile tu", nilimpelekea chupa na kopo tupu la mchanganyiko nikamwomba aagize hata mbili. Alisema zitakaa kwenye shelfu mpaka ziishe muda, nani atanunua elfu 38 hapa. Nilitaka kukasirika ila hajakosea, nyota zake naziacha 2 mpaka nione.

Kaunta yangu leo asubuhi inasoma 17. Meza ya mvule ya pili nimeipiga msasa nje upande wa barabara, barakoa mbili, mteja analalamika kwamba kuna vumbi la magari linaingia kwenye vanishi.